Kubadili Oili ya Giaboksi ya Gari Dogo la Mbio Nyumbani

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mtu akisikia maneno "kubadili oili", mara hufikiri oili ya injini. Hiyo kila mwenye gari huijua, maana hubandikiwa karatasi kwenye kioo ya kumkumbusha kilomita zake. Lakini chini ya gari kuna oili nyingine iliyofichika, ambayo haina karatasi wala taa ya kuonya, na magari mengi huishi miaka 20 bila mtu kuikumbuka. Hiyo ndiyo oili ya giaboksi. Katika makala haya napenda kuwaeleza wenzangu, walimu wetu na wazazi jinsi kazi hiyo ifanywavyo nyumbani, kwa nini ifanywe, na hatari zake ni zipi.

Mfano wangu ni gari moja nililolishughulikia pamoja na baba mdogo katika likizo ya Juni huko Tanga. Baba mdogo ni fundi wa malori. Gari lenyewe ni Mazda ya watu 2, lenye hema badala ya paa, ambalo nchi nyingi hulijua kwa jina la MX-5, na ambalo huko Japani liliuzwa kwanza kwa jina la Eunos Roadster. Lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza Chicago, Marekani, mwezi wa Februari mwaka 1989, na kufikia mwaka 2016 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni 1. Hakuna gari la mbio la watu 2 lililopata kuuzwa kwa wingi kuliko hilo.

Huenda mtu akauliza, gari la mbio na sisi wapi na wapi? Nitamjibu kuwa magari ya namna hii si wageni kwetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 katika Kenya, Uganda na Tanganyika, na gari dogo la Datsun 240Z liliyashinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Tena siku hizi magari yaliyotumika huja kwa meli kutoka Japani, na miongoni mwake huwamo na haya.

GIABOKSI NI KITU GANI

Injini ina tabia moja. Ikizunguka polepole sana haina nguvu, na ikizunguka upesi sana itaharibika. Magurudumu nayo yanatakiwa yaende polepole mlimani na upesi barabara ikinyooka. Giaboksi ndiyo mpatanishi wa hao wawili. Ndani yake mna shafti zenye magurudumu ya meno, makubwa kwa madogo, yaliyoshikana jozi jozi. Dereva akisukuma mkono wa gia, huchagua jozi itakayofanya kazi.

Gari letu lina gia 5 za kwenda mbele. Katika gia ya 1, injini huzunguka mara 3.136 ndipo propela shafti izunguke mara 1. Katika gia ya 2 ni mara 1.888, gia ya 3 ni mara 1.330, gia ya 4 huenda sawa kwa sawa, na gia ya 5 ni mara 0.814, yaani propela shafti huishinda injini kwa mwendo.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Injini inazunguka mara 4,000 kwa dakika katika gia ya 1, na dereva anataka gia ya 2. Gari haliwezi kubadili mwendo wake papo hapo. Kwa hiyo shafti inayotoka katika injini yapaswa kushuka kutoka mara 4,000 mpaka karibu mara 2,400, na kushuka huko kutendeke katika nukta ile ndogo ambayo mguu uko juu ya klachi. Meno yakikutana kabla ya miendo kulingana, yatagongana, nasi tutasikia ule mlio wa "krrr" ambao kila abiria wa basi anaujua.

Zamani dereva alilinganisha miendo hiyo mwenyewe, kwa kukanyaga klachi mara 2 na kupima gesi kwa sikio. Wazee walioendesha malori ya zamani watawaeleza. Mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kutoa magari yenye sinkromeshi, nayo ndiyo iliyowapumzisha madereva. Sinkromeshi ni ringi ya shaba iliyochongwa ndani mfano wa pia. Kabla meno hayajakutana, ringi hiyo husukumwa ikaibana gia inayotakiwa, na kwa msuguano huifanya iende mwendo mmoja na shafti. Miendo ikiisha kulingana, ndipo meno huingiana bila kelele.

Hapo ndipo pana jambo la kutafakari, nami naomba msomaji alishike, maana ndilo msingi wa makala haya. Oili ya giaboksi ina kazi 2 zinazopingana. Kwenye meno yatakiwa iwe telezi, ili chuma kisile chuma. Kwenye ringi ya shaba yatakiwa isiwe telezi kupita kiasi, ili ringi iweze kubana. Oili ikizidi kwa upande mmoja, giaboksi itapata hasara kwa upande wa pili.

KWA NINI OILI HUCHOKA

Oili ya injini huchafuliwa na moto na masizi. Katika giaboksi hakuna moto, na kwa sababu hiyo watu husema kuwa oili yake ni ya maisha. Sivyo. Kila gia inapoingia, ringi huacha vumbi kidogo la shaba, na meno huacha vumbi la chuma. Injini ina chujio la kushika takataka, lakini giaboksi ya gari hili haina chujio wala pampu. Magurudumu ya chini huchota oili na kuirusha juu kama mtoto anayechezea maji, na uchafu wote huzunguka humo humo. Tena giaboksi hupumua kupitia tundu dogo. Ikipoa huvuta hewa, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Mwishowe dawa zilizotiwa kiwandani ili kulinda meno hupungua nguvu.

Kila gari lina kitabu chake chenye kueleza muda wa kubadili. Wengi hubadili baada ya kilomita 40,000 hadi 60,000. Gari lililonunuliwa mkononi, ambalo historia yake haijulikani, lifanyiwe kazi hii mara moja, ili tangu siku hiyo mwenyewe ajue anapoanzia.

Gari la baba mdogo lilikuwa la namna hiyo. Alilipata kwa bei ya chini kwa sababu gia ya 2 ilikuwa ikilia na kukataa kuingia, na gereji moja ilikuwa imemwambia mwenyewe kuwa giaboksi imekufa, anunue nyingine. Baba mdogo aliliwekea fedha zake zote za akiba. Kusudi lake lilikuwa kulitengeneza, kuliuza, na kumlipia dada yangu, binti yake mkubwa, ada ya chuo cha uuguzi. Kama kweli giaboksi imekufa, ada ilikuwa imekufa nayo. Yeye alisema hivi: "Mwanangu, mgonjwa hazikwi kabla hajapewa dawa. Tumpe oili kwanza."

OILI GANI ITUMIKE

Juu ya chupa ya oili ya gia kuna alama za namna 2. Alama ya kwanza ni ya uzito, kwa mfano 75W-90. Hizo ni hesabu za SAE, chama cha wahandisi wa magari kilichoanzia Marekani. Tarakimu iliyo kabla ya W huonyesha jinsi oili itiririkavyo katika baridi, na W yenyewe ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Tarakimu ya pili huonyesha uzito wake ikiwa moto. Kitabu cha gari hili kinataka 75W-90, na mahali penye joto kama kwetu chakubali 80W-90 pia.

Alama ya pili ni GL-4 au GL-5. Hapa wengi hudanganyika, wakadhani 5 ni bora kuliko 4 kama vile alama 5 katika mtihani zinavyozidi 4. Si hivyo. GL-5 ilifanywa kwa ajili ya difu, ambako meno husuguana kwa nguvu kubwa huku yakiteleza. Kwa hiyo imetiwa dawa za salfa na fosforasi karibu mara 2 ya GL-4. Dawa hizo ni rafiki wa chuma, lakini baadhi yake zikipata joto huishambulia shaba, na ringi za sinkromeshi ni za shaba. Tena utelezi wake waweza kuizuia ringi isibane. Kitabu cha gari letu kinakubali zote 2, lakini baba mdogo alichagua GL-4, akasema kuwa giaboksi yenye ringi zilizozeeka isipewe jambo la kubahatisha. Yako magari mengine ambayo vitabu vyake vinakataa GL-5 kabisa. Basi sheria ni moja: soma kitabu cha gari lako, usisome cha jirani.

Giaboksi hii ya gia 5 huchukua lita 2. Nunueni lita 2 na akiba kidogo, katika duka linaloaminika, na mtazame kuwa muhuri wa kifuniko haujavunjwa.

VIFAA

Hivi ndivyo tulivyotumia:

1. Jeki 1 ya magurudumu na stendi 4 za chuma.
2. Vipande 4 vya gogo vya kuzuia magurudumu.
3. Spana ya boksi yenye mkono mrefu. Vizibo vya gari letu vilikubali namba 24.
4. Beseni pana, lisilopungua lita 4.
5. Mpira safi wa urefu wa mita 1 na nusu, na faneli ya kuingia katika mpira huo.
6. Washa mpya ya kizibo cha chini.
7. Brashi ya waya, matambara, glavu na miwani.
8. Chupa tupu zenye vifuniko, kwa ajili ya oili chafu.

USALAMA KWANZA

Gari hili huitwa jepesi, lakini lina zaidi ya kilo 900. Mtaani kwetu yuko kijana aliyeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ilishuka. Alipona, lakini mkono wake wa kulia hauwezi tena kushika kalamu. Alikuwa akisoma darasa moja na kaka yangu. Nimeandika habari hii kwa idhini yake, naye ndiye aliyeniomba niiandike.

Kazi ya jeki ni kunyanyua tu. Kazi ya kushika ni ya stendi. Matofali hayafai, kwani hupasuka bila kuaga. Gari liwe juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, si juu ya mchanga. Stendi ziwekwe mahali palipoonyeshwa katika kitabu. Likiisha kukaa juu ya stendi zote 4, lisukumwe kwa mkono huku na huku kabla mtu hajaingia chini. Likitikisika, lishushwe na kuwekwa upya. Tena mtu asifanye kazi hii peke yake nyumbani. Sharti awepo mwingine wa kumwita.

Mbona stendi 4 na si 2 za mbele? Kwa sababu oili hupimwa kwa usawa wa tundu la kujazia. Gari likiinua pua juu, oili itakimbilia nyuma na kipimo kitakuwa cha uongo.

KAZI YENYEWE

Kwanza tuliendesha gari kwa muda wa dakika 15 ili oili ipate moto. Oili yenye moto hutoka upesi na kuondoka na uchafu wake, lakini ile ya baridi huacha nusu ya uchafu chini. Hata hivyo ikumbukwe kuwa bomba la moshi hupita karibu na giaboksi, nalo huunguza. Tulingoja kidogo, tukanyanyua gari, kisha tukavaa glavu.

Giaboksi ina vizibo 2. Kimoja kiko ubavuni, nacho ni cha kujazia. Kingine kiko chini, nacho ni cha kumwagia. Tulivisugua vyote kwa brashi ya waya na kuvipangusa, ili mchanga usiingie ndani.

Sasa yafuata sheria ambayo baba mdogo alinifanya niirudie mara 3: fungua kizibo cha kujazia kwanza, kabla hujagusa cha kumwagia. Sababu yake ni hii. Kizibo kilichokaa miaka mingi chaweza kugoma kabisa. Kama umekwisha kumwaga oili yote, halafu cha kujazia kikagoma, una gari lisiloweza kwenda hata hatua moja, na fundi hawezi kufika nalo. Lakini kikigoma wakati oili ya zamani ingali ndani, unafunga vifaa vyako na kuliendesha hadi kwa mwenye nguvu zaidi. Kwa maneno mengine, hakikisha mlango wa kuingilia wafunguka kabla hujafungua wa kutokea.

Kizibo cha ubavuni kilikuwa kigumu kweli kweli. Tulitia mafuta ya kulegeza kutu, tukangoja nusu saa, tukavuta kwa mkono mrefu wa spana polepole, bila kupiga kwa nyundo. Kililia kidogo, kikalegea.

Kisha tuliweka beseni na kufungua kizibo cha chini. Mizunguko ya mwisho hufanywa kwa vidole, huku kizibo kikisukumwa juu, ili kisianguke ndani ya oili ya moto. Oili ilitoka kwa kishindo, kisha ikawa uzi, kisha matone. Tuliiacha idondoke kwa muda wa dakika 30, tukanywa chai.

KUSOMA OILI CHAFU

Daktari hupima damu, na fundi hupima oili. Sehemu hii ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, maana hapo ndipo tungejua kama ile gereji ilisema kweli.

Kizibo cha chini cha gari hili kina sumaku. Ukikuta juu ya sumaku tope laini la rangi ya kijivu, ambalo ukilisugua vidoleni halichomi, hilo ni vumbi la kawaida la uzee. Ukikuta vipande vyenye ncha, au jino zima la gia, basi giaboksi yapaswa kufunguliwa, na oili mpya haitaiponya. Ukiitazama oili juani ukaona chembe zimeremetazo rangi ya dhahabu, hizo ni za ringi za shaba. Kidogo ni kawaida, nyingi ni dalili mbaya. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia.

Yetu ilikuwa nyeusi, nyepesi kuliko ilivyotakiwa, na yenye harufu kali. Juu ya sumaku palikuwa na tope la kijivu lenye unene wa ukucha. Baba mdogo alilisugua, akalisugua tena, akatafuta kipande hata kimoja chenye ncha. Hakukiona. Chembe za dhahabu zilikuwamo, lakini za kuhesabika. Hakusema neno, ila niliona mabega yake yakishuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Tulipoipima katika chupa, ilikuwa lita 1 na robo tu, badala ya lita 2. Giaboksi ile ilikuwa na kiu.

KUJAZA

Tulikisafisha kizibo cha chini pamoja na sumaku yake, tukatia washa mpya, tukakikaza. Mwili wa giaboksi ni wa alumini, na alumini ni laini kuliko chuma. Mtu akikaza kwa nguvu za kushindana atakata nyuzi za tundu, na hasara yake itazidi bei ya oili mara nyingi. Kitabu kinaeleza kipimo cha kukaza. Mwenye spana ya kupimia aitumie.

Tundu la kujazia liko mahali finyu, na chupa haiwezi kusimama hapo. Yako mabomba ya mkono ya kusukumia oili, lakini sisi tulitumia njia ya bure. Tuliteremsha mpira kutoka juu, kupitia pembeni mwa injini, mpaka ncha yake ikaingia katika tundu. Baba mdogo alikaa chini akiishika ncha, nami nikasimama kwenye boneti na faneli nikimimina. Oili hii ni nzito, nayo hushuka kwa kujivuta. Tulikuwa tumeziacha chupa juani tangu asubuhi, na joto hilo lilisaidia sana. Hata hivyo kumimina lita 2 kulitushika karibu dakika 20.

Ujazo hutimia oili inapofika ukingo wa chini wa tundu na kuanza kuchuruzika. Hapo ngoja mpaka mchuruziko uwe matone, kisha funga kizibo. Usiongeze kwa kudhani kuwa nyingi ni bora. Oili ikizidi hupigwa na magurudumu ikafanya povu na joto, na huweza kutafuta njia kupitia sili ikaiharibu klachi.

Jambo moja zaidi kwa mwenye gari la aina hii. Chini ya mkono wa gia kuna kikombe kidogo chenye oili yake peke yake, kisichopata oili kutoka giaboksi. Juu yake kuna mipira ya kuzuia vumbi na joto, ambayo hupasuka kwa uzee. Ukiisikia gia ni kavu mkononi, au joto likipanda hadi mapajani, tazama hapo. Mipira ya gari letu ilikuwa imechanika yote, tukaibadili, na kikombe tukakitia oili kidogo.

Baada ya kazi tulipangusa kila mahali, tukalishusha gari, tukaliendesha polepole kilomita 10 tukipitia gia zote, kisha tukatazama chini kama pana mvujo.

OILI CHAFU IPELEKWE WAPI

Kwa baba mdogo kisima kiko hatua 20 kutoka mahali tulipofanya kazi, na nyumba 6 huchota hapo. Wako watu humwaga oili chafu nyuma ya choo, wengine hupaka mbao ili kuzuia mchwa, na wengine humwaga barabarani kutuliza vumbi. Lakini oili haiozi kama jani. Mvua huipeleka chini, na chini ndiko maji yetu yaliko. Idara ya mazingira ya Marekani huandika kuwa oili iliyotoka katika gari moja tu mara moja yaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji safi.

Sisi tuliimimina katika chupa, tukazifunga, tukaandika juu yake "oili chafu" ili mtoto asidhani ni kitu cha kunywa, tukazipeleka gereji kubwa ya mjini ambako hukusanywa na wanaoinunua. Matambara hatukuyaacha rundo moja juani, kwani matambara yenye mafuta huweza kushika moto.

MATOKEO

Kwa uaminifu sitasema kuwa gari lilikuwa jipya. Asubuhi, giaboksi ikiwa ya baridi, gia ya 2 bado ni ngumu kwa kilomita ya kwanza, na dereva sharti asiiharakishe. Ringi iliyokwisha kulika haioti tena. Lakini ikipata moto huingia bila mlio wowote, na kabla ya hapo ililia kila mara. Mwezi wa Agosti mtu mmoja alilijaribu, baba mdogo akamweleza wazi tabia hiyo ya asubuhi, na bado akalinunua. Dada yangu sasa yuko chuoni.

MAFUNZO

Wanafunzi wenzangu, mambo tusomayo katika Fizikia hayakuandikwa kwa ajili ya mtihani tu. Msuguano, ambao tulifundishwa kuwa una faida na hasara, niliuona ukifanya yote 2 ndani ya sanduku moja la alumini. Na uwiano wa meno, ambao tuliuona ni hesabu kavu, ndio unaompandisha mtu mlima.

Kwa wazazi nina ombi dogo. Mwacheni kijana au binti ashike spana chini ya macho ya mtu mzima anayejua kazi, kuliko kumkataza leo akajifunza kesho kwa siri chini ya jeki mbovu.

Na kwa yeyote atakayeifanya kazi hii, naziweka sheria 5 mahali pamoja ili azinakili. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tu. Gari liwe sawa pande zote. Fungua cha kujazia kabla ya cha kumwagia. Tia oili iliyotajwa katika kitabu, mpaka ukingo wa tundu na si zaidi. Tone moja la oili chafu lisiguse ardhi.